Noah Iliyolambwa

Ninyi vijana mnaoshika mashine za polishi siku hizi, zile zinazozunguka zenyewe huku mnaongea na simu, zimeni kidogo mnisikilize. Mimi nimeng'arisha magari hapa Sumbawanga tangu mikono yangu ikiwa laini, hadi leo vidole vimegoma kunyooka. Watu wananiita Mama Polishi. Jina langu la ubatizo ni Yustina, lakini ukienda stendi kumuulizia Yustina utaambiwa huyo alishahama mji.

Sasa nimestaafu. Maana yake naletewa kiti pembeni ya banda langu la zamani, najifunika kitenge kwa sababu ya upepo wetu huu, naangalia mnavyokosea. Ni kazi nzuri kuliko ile ya kwanza, na sichafui nguo.

Jana nimemwona mmoja wenu anakwangua kinyesi cha ndege kwenye boneti kwa ufunguo wa gari. Ufunguo! Nilinyamaza kwa sababu daktari amenikataza kupiga kelele. Sikiliza, mwanangu. Kinyesi cha ndege hakikwanguliwi. Lowesha kitambaa kwa maji ya uvuguvugu, kilaze juu yake, nenda kanywe chai. Ukirudi kitainuka chenyewe. Lami ya barabarani ni mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa laini, halafu osha kwa sabuni mara moja, usiyaache mafuta yakalala kwenye rangi. Utomvu wa mikaratusi ni spiriti. Na mkwaruzo wowote, kabla hujafungua kopo la kompaundi, ile dawa nzito ya kusugulia rangi, pitisha ukucha juu yake. Ukucha ukipita bila kukwama, mkwaruzo unautoa mwenyewe. Ukinasa, mwambie mwenye gari ukweli, alipeleke kwa mpaka rangi.

Haya yote alinifundisha Mzee Kalolo, Mungu amrehemu. Alikuwa mtu mfupi, mkali, mwenye pua kubwa ambayo aliitumia kazini kuliko mikono. Gari likiingia alikuwa analinusa. Alilizunguka polepole, mikono nyuma, kama anakagua mchumba. Halafu anakuuliza, "Hili doa limetoka wapi?" Ukijibu vibaya unapewa ufagio. Mimi nilifagia lile banda muda mrefu sana. Mwenzangu mmoja aliambiwa na watu wa vijiweni kwamba maji ya breki yanatoa kila kitu, akayamwaga mlangoni. Ni kweli yalitoa kila kitu, hadi bati likaonekana. Mzee Kalolo akaja, akainama, akatazama kwa utulivu, akamwambia, "Doa limetoka vizuri. Sasa katafute mlango."

Wateja nao walikuwa na maajabu yao. Kuna baba mmoja alitaka pikapu yake ipendeze kwa kipaimara cha mtoto, akaisugua yote kwa stilwaya la jikoni. Nilipomuuliza kwa nini, akanijibu kwa kujiamini, "Mbona sufuria linang'aa?" Kuna mama alipaka dawa ya meno kwenye milango yote minne, akaiacha juani. Gari lake lilikaa wiki nzima linanukia mdomo wa mtu aliyeamka mapema.

Lakini gari ambalo sitalisahau ni Noah ya Mzee Gervas wa Kipili.

Mzee Gervas alikuwa na mitumbwi ziwani, na hiyo Noah ilikuwa inapandisha samaki Namanyere. Rangi yake ilikuwa damu ya mzee, ile nyekundu iliyoiva, na aliitunza kuliko anavyojitunza mwenyewe. Kanzu yake ya kanisani ilikuwa na kiraka, Noah haikuwa na hata alama. Basi asubuhi moja ya kiangazi, baridi imekamata hadi kompaundi imeganda kwenye kopo, nikasikia breki nje ya banda na mtu anafoka kabla hata hajashuka.

"Mama Polishi! Njoo uone walichonifanyia!"

Nikatoka. Noah ilikuwa imefubaa pande zote, kuanzia bampa hadi madirishani, kama kioo kilichopumuliwa. Milango ilikuwa imejaa michubuko midogo midogo iliyopinda. Nyuma yake alisimama kijana wake, Deusi, mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi.

"Shikamoo, mama," akasema kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Kuna nini?"

Baba yake ndiye akaanza kueleza, mimi nikawa namtuliza kila anapoishiwa pumzi. Deusi alikuwa anamwoa Kabula, binti wa Mzee Masunja, mfugaji aliyehamia upande wa Kate na ng'ombe wake miaka mingi iliyopita. Harusi ilikuwa Jumamosi ya wiki ile. Ng'ombe wa mahari walikuwa wametangulia kwa miguu, na jana yake Mzee Gervas alikwenda na wazee wake kumalizia maongezi. Maongezi hayakwisha, wakalala hukohuko. Asubuhi wanaamka, Noah iko hivi.

"Wameisugua kwa stilwaya!" akasema Mzee Gervas. "Makusudi! Wananiambia mimi mvuvi si mtu wa kuoa kwao. Isafishe, mama, lakini uwe shahidi wangu. Hakuna harusi. Yule mzee mpaka aje Kipili kuniomba radhi kwa miguu yake."

Kisha akaenda kununua sigara, ingawa alikuwa ameacha kuvuta. Deusi akanisogelea.

"Mama, baba akisema hapana, ni hapana. Mzee Masunja naye haombi radhi hata kwa kuku. Nitampoteza Kabula kwa sababu ya milango."

Alisema hivyo akiwa ameshika kioo cha pembeni. Mimi nina watoto wa kiume. Iliniuma, nasema ukweli. Nikafanya kile alichonifundisha Mzee Kalolo. Nikaweka mikono nyuma, nikalizunguka gari.

Mtu akisugua kwa stilwaya anazungusha mkono, au anakwenda na kurudi. Hii michubuko ilikuwa inapanda juu tu, mmoja baada ya mwingine, mipana kiasi cha vidole vitatu, na haikurudi chini. Paa lilikuwa zima. Tena michubuko mikali zaidi ilifuata michirizi iliyoshuka kutoka kwenye keria, lile fremu la mizigo juu ya paa. Nikasogeza pua. Harufu ya samaki.

"Deusi, juu ya keria mlibeba nini?"

"Migebuka ya chumvi, mama. Zawadi ya wakwe. Ilikuwa bado mbichimbichi, ikawa inachuruzika njia nzima."

Nikainama, nikatoa ulimi, nikaulamba mlango wa Noah.

"Mama!" Deusi akaruka nyuma.

"Chumvi," nikamwambia. "Hapa hakuna stilwaya. Gari lenu limelambwa na ng'ombe."

Mzee Gervas aliporudi nikamweleza. Akaniangalia kama mtu aliyeanza kupata homa. Nikamwambia alambe mwenyewe, akakataa, akasema yeye ni mtu mzima. Nikamwambia basi siligusi hilo gari. Nikiliosha nimeosha ushahidi, na wewe utakaa na hasira yako hadi uzeekee nayo. Twende Kate, Mzee Masunja aone doa likiwa bado bichi. Nikachukua makopo yangu na vitambaa, nikapanda. Njia nzima nilikuwa natema mate dirishani, maana ile chumvi ilikuwa na magamba.

Mzee Masunja alitupokea amesimama. Mtu mrefu, kofia ya pama, shuka begani, fimbo mkononi. Wazee wa pande zote mbili walikuwa bado wapo, kwa sababu huwezi kuondoka katikati ya maongezi ya mahari. Nikawaeleza habari ya ulimi. Kisha mzee mmoja wa upande wa Masunja, asiye na jino hata moja, akasogea, akaulamba mlango wa nyuma. Akatafakari.

"Migebuka," akatangaza. "Tena haikukaushwa vizuri."

"Samaki wangu wanakaushwa vizuri!" akafoka Mzee Gervas. Naye akainama akalamba ili amkosoe, kisha akainuka akifuta mdomo kwa kiganja. Baada ya hapo kila mzee alitaka kuonja. Mmoja alilamba bampa, mwingine mlango wa dereva, wakawa wanalinganisha. Wanawake waliokuwa wanatwanga uani waliacha michi ikiwa hewani. Mimi nilisimama hapo na kopo langu la polishi, nikijiuliza kama nilisahau kumeza dawa zangu au wao ndio waliosahau.

Basi ikakubalika kwamba ni ng'ombe. Nikadhani tumemaliza. Wapi! Sasa likaja swali la ng'ombe wa nani.

Kwa Mzee Masunja, ng'ombe wa mahari hawaingii zizini mpaka wazee wawakubali wote. Wakiingia tu, mambo yamekwisha, binti ni wa watu. Na wale hawakuwa wamekubaliwa wote, kwa sababu Mzee Masunja alikuwa anamkataa mmoja, jike la rangi ya majivu, jembamba, pembe moja inaangalia mbinguni na nyingine inaangalia Namanyere. Ndiyo maana usiku ule ng'ombe wa mahari walilala nje ya zizi, wamefungwa karibu na Noah.

"Ng'ombe wako wameniharibia gari," akasema Mzee Gervas.

"Si wangu. Bado sijawapokea."

"Basi ni wa nani? Mimi nilishawatoa. Kitu kilichotolewa si changu tena."

"Wewe mzee, ng'ombe ambaye sijampokea nitamwombeaje radhi?"

"Na mimi nitajilaumu vipi kwa ng'ombe niliyekwisha kumtoa?"

Mkiangalia vizuri, vijana wangu, mtaona wote walikuwa sahihi, na ndipo shida ilipokuwa. Mzee Masunja akisema ng'ombe ni wake, amepokea mahari pamoja na yule mwenye pembe za ajabu. Mzee Gervas akisema ni wake, gari lake limelambwa na mali yake mwenyewe, tena mahari imepungua. Kwa hiyo katikati ya Kate palikuwa na kundi zima la ng'ombe wanene kwa wembamba, wanakojoa na kucheua, na hakuna mwenye nao duniani.

Mzee asiye na meno akapendekeza tumtambue mkosaji. Wakafunguliwa wote. Wengine walikwenda zao kwenye majani. Yule wa majivu akatembea moja kwa moja, bila aibu, hadi mlango uleule wa nyuma, akatoa ulimi mrefu kama taulo, akaanza. Kwaruu. Kwaruu.

Sote tukatazama. Nikangoja mtu amfukuze. Mzee Gervas akamtazama Mzee Masunja. Mzee Masunja akatazama mawingu. Ndipo nikaelewa kwamba atakayemfukuza ataonekana ndiye mwenye ng'ombe. Deusi akapiga hatua moja, baba yake akamshika shati. Mimi nikaona kila mlambo ni nusu siku ya mkono wangu, nikashindwa kuvumilia, nikainua kitambaa. Mzee mmoja akanishika kiwiko kwa adabu.

"Mama, ukimfukuza utakuwa umesimama upande wa nani?"

Nikashusha kitambaa. Watu wazima wenye wajukuu, tumesimama kwenye duara, tunamwangalia ng'ombe anakula gari. Alimaliza mlango wa nyuma akahamia wa mbele. Mzee Gervas machozi yalikuwa yanamlengalenga, lakini hakusogea. Mzee Masunja naye nilimwona kidole kinacheza kwenye fimbo, maana mfugaji kumwacha ng'ombe aharibu kitu ni sawa na kujinyima pumzi. Hakusogea pia. Nilitaka kucheka, na wakati huohuo nilikuwa naona ndoa ya watoto wawili inalambwa mbele yangu hadi inaisha.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Akatoka binti, khanga imefunika kichwa, mikono ina unga hadi kwenye viwiko. Ndiye Kabula. Siku za maongezi binti hatakiwi kuonekana mbele ya baba mkwe, kwa hiyo wanawake wakaguna, mmoja akajaribu kumrudisha kwa kumvuta khanga. Khanga ikabaki mkononi mwa yule mama, Kabula akaja bila khanga.

"Baba, ng'ombe huyu ni wa nani?"

"Rudi ndani. Bado tunazungumza."

"Ametolewa kwa ajili ya nani?"

Mzee Masunja akatazama tena mawingu. Kwaruu, akaendelea ng'ombe.

"Ametolewa kwa ajili yangu," akasema Kabula. "Basi ni wangu mimi. Toka hapo, wewe!"

Akampiga kofi la mgongoni, alama ya unga ikabaki kwenye manyoya ya majivu. Akamsukuma kwa bega, wanaume wanamfungulia njia kama wanapisha maandamano, akampeleka hadi zizini kwa baba yake, akamwingiza, akapitisha miti ya mlango mmoja mmoja. Kisha akageuka.

"Tangu jana nipo jikoni nawasikia mnabishana pembe. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama nampenda Deusi. Nampenda. Mkimtoa huyo ng'ombe humo, mnitoe na mimi."

Deusi alikuwa analia wazi, hajifichi. Mimi pia nilijipangusa, na kwa kuwa nilitumia kitambaa chenye kompaundi nikabaki na jicho moja linawaka moto hadi jioni.

Mzee Masunja alimtazama binti yake muda mrefu. Akamtazama ng'ombe, ambaye alikuwa ameanza kulamba nguzo ya zizi. Akavua pama, akajikuna, akaivaa tena.

"Ng'ombe anayeweza kula rangi ya gari," akasema taratibu, "hawezi kunifia kiangazi. Namkubali."

Vigelegele vilivyopigwa uani viliwatimua kuku hadi barabarani. Wale ng'ombe wengine wakaswagwa ndani haraka, kabla mtu hajapata wazo jipya.

Sasa ndiyo ikawa zamu yangu. Andikeni vichwani, maana hili hamtalikuta kwenye simu. Gari lililolambwa usilipeleke kwenye kompaundi moja kwa moja. Kwanza maji, mengi, ya kumwagia, hadi chumvi yote ishuke, usisugue. Halafu sabuni laini, halafu maji tena, halafu lamba kidogo uhakikishe. Sogeza gari kivulini, maana jua la kwetu linachoma hata kama wewe unatetemeka kwa baridi, na kompaundi ikikaukia juani inakuwa msasa. Nikapitisha ukucha, haukunasa. Ulimi ulikuwa umekwaruza juu juu tu. Nikamwambia Mzee Gervas, "Rangi yako ipo, imelala tu."

Nilifanya kwa mkono, kidogo kidogo, mlango mmoja kwanza. Ile damu ya mzee ilipoanza kurudi, wazee wote walisogea na kila mmoja akawa fundi. Mzee Masunja alininyang'anya kitambaa akaanza kusugua kwa nguvu kama anaua kupe. Nikamwambia, "Mzee, shikamoo, lakini nyoosha mkono, usikamue gari." Akanyoosha. Mzee Gervas akaona haiwezekani mtu mwingine amng'arishie Noah yake, akachukua kitambaa kingine, akaingia mlango wa upande wa pili. Walipofika nyuma, pale kwenye mlango ulioumia zaidi, wakakutana bega kwa bega. Walikuwa bado hawajapeana mkono tangu asubuhi.

Wakafuta pamoja. Nilipaka nta, wakaifuta hadi nyuso zao wenyewe zikaonekana mle ndani, kofia ya pama na kipara. Mzee Masunja akakohoa.

"Mzazi mwenzangu," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo, "siku nyingine ukija na samaki, waweke ndani ya gari."

Mzee Gervas akaendelea kufuta mahali palepale palipokwisha kung'aa.

"Na wewe, mzazi mwenzangu, uwape magadi ya kulamba ng'ombe wetu."